Vitanda Mjini, Kliniki Mlimani: Mpango Uliopinduliwa wa Hot Springs

Waliofuatilia mvutano wa Hot Springs, South Dakota, wanaikumbuka sahihi ya Januari 2017. Robert McDonald, waziri wa masuala ya wanajeshi wastaafu wa Marekani, akiwa katika wiki zake za mwisho ofisini, aliidhinisha vitanda 100 vya tiba ya kulazwa vijengewe mahali papya Rapid City, kilomita zipatazo 90 kaskazini mwa Battle Mountain, kituo cha tiba cha wanajeshi wastaafu kilicho Hot Springs. Mlimani ingebaki kliniki ya wagonjwa wa nje. Wanasiasa walibishana juu ya gharama na ajira. Kosa lenyewe lilikuwa la kiufundi, na lilionekana wazi kwenye mchoro.

Tiba ya kulazwa ni ya wiki nyingi. Askari aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan na jinamizi, uraibu na moyo unaoruka kwa kila kishindo, hukaa na mtaalamu saa chache tu kwa siku. Saa zilizobaki anakula, anatembea, anapiga soga na wenzake barazani, usiku anahangaika kuutafuta usingizi. Saa hizo ndizo nyingi, na mahali ndipo panapozijaza: hewa, ukimya, njia za kutembea, umbali kutoka vijiwe vya zamani. Kliniki ya wagonjwa wa nje ni jambo jingine kabisa. Mtu anafika, anapimwa presha, anachukua dawa, anarudi kazini. Anachohitaji ni barabara nzuri na foleni fupi.

Sasa mpango ule ulifanya nini? Kilichohitaji mlima ulikipeleka mjini, na kilichohitaji mji ukakiacha mlimani. Kurasa za tathmini zilikuwa nyingi mno, vikao vya hadhara vikaitishwa, njia mbadala zikapangwa kwa herufi na namba. Mwisho wa yote ikachaguliwa ile iliyopindua kazi za majengo mawili. Mpangaji aliyewahi kushinda kutwa nzima na mgonjwa mmoja wa kituo hicho asingeichora ramani ile.

Hoja za wizara zinajulikana. Majengo ni ya kale na hayakujengwa kwa viti vya magurudumu vya leo. Madaktari hawapatikani katika mji wa watu wasiofika 5,000. Idadi ya wanaolazwa imeshuka. Na mjini mgonjwa anayepona atapata kazi na nyumba. Hii ya mwisho ina uzito. Lakini kazi na nyumba ni hatua inayofuata tiba, na ingetosha kujenga hosteli ya mpito Rapid City bila kung'oa kitanda hata kimoja mlimani. Kuhusu idadi iliyoshuka, wenyeji walilalamika kwa miaka kwamba huduma zilipunguzwa moja baada ya nyingine, kisha upungufu wa wagonjwa ukageuzwa ushahidi. Kuhesabu vitanda vilivyo wazi bila kuuliza nani aliviacha wazi si uchambuzi.

McDonald alirithi wazo la kuvihamisha vitanda; lilitangazwa Desemba 2011, kabla yake. Mwaka huohuo, mwezi Juni, serikali hiyohiyo ilikuwa imeitangaza Battle Mountain kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa. Miezi sita tu ilizitenganisha hati hizo mbili. Na McDonald mwenyewe alikuwa mhitimu wa West Point, askari wa miavuli wa zamani, na aliwahi kuiongoza kampuni ya Procter & Gamble. Katika sahihi ile alionekana mkurugenzi wa kampuni, askari hakuonekana.

Mchoro wa zamani ulifuata mantiki gani? Bunge la Marekani liliidhinisha kituo hicho mwaka 1902, na kikafunguliwa 1907. Kilikuwa tawi la Makao ya Taifa ya askari wa kujitolea waliolemaa, asasi ambayo sheria yake Lincoln aliitia sahihi Machi 1865. Matawi mengine yalikuwa makazi, mzee anaingia na kuzeekea humo. Battle Mountain peke yake ilijengwa iwe ya tiba: wazee wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na vijana wa vita dhidi ya Hispania waliletwa na baridi yabisi na vifua vibovu, wakaogeshwa katika maji ya chemchemi za vuguvugu, na waliopata nafuu wakarudi walikotoka. Maji hayo wenyeji wa asili, Walakota na Wacheyenne, waliyathamini zamani sana, na jina la mlima linatokana na masimulizi ya vita vyao vya kuyagombea.

Msanifu alikuwa Thomas Rogers Kimball wa Omaha. Alichora ua wa duara uliozungukwa na baraza yenye matao, na kutoka hapo akazitoa wodi sita kama njiti za gurudumu, zote kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya waridi. Wodi zimeachana, kwa hiyo hewa na jua vinaingia kila upande. Baraza inaziunganisha, hivyo mwenye magongo anatoka kitandani na kuwafikia wenzake bila kunyeshewa wala kukanyaga theluji. Hakuna wodi iliyosukumwa nyuma ya nyingine. Kimball aliyajua mambo haya zaidi ya miaka 100 kabla ya washauri wa wizara kufika na majedwali yao.

Uchaguzi wa viwanja ni ugonjwa wa zamani katika idara za wanajeshi wastaafu. Charles Forbes, mkuu wa kwanza wa Ofisi ya Maveterani, 1921 hadi 1923, alifungwa jela kwa ulaghai uliohusu mikataba ya hospitali za majeruhi, viwanja vikiwemo. Hot Springs hakuna aliyetuhumiwa wizi. Kinachofanana ni kwamba kiwanja kilitangulia, mgonjwa akafuata. Daktari Ludwig Guttmann alianza na mgonjwa. Alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, na Julai 1948 akawakusanya majeruhi 16 kwenye nyasi za hospitali washindane kulenga mishale. Nyasi zile zilikuwa sehemu ya tiba yake.

Marekani pia wapo waliofuata njia hiyo: Boulder Crest, mahali pa mapumziko ya wanajeshi wastaafu, iliyofunguliwa 2013 huko Bluemont, Virginia, kwenye ardhi iliyotolewa na mtegua mabomu mstaafu Ken Falke na mkewe, imefanya vizuri: nyumba chache za magogo, bustani, ulengaji mishale, na mgeni halipi.

Mwaka 2020 waziri Robert Wilkie aliufuta uamuzi wa 2017, na wenyeji wakashangilia kwa haki. Kufuta, hata hivyo, hakuajiri daktari. Wodi za Kimball zinahitaji lifti, vyumba vya faragha kwa wanawake na mabafu ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kugeuka ndani yake. Wauguzi wanahitaji nyumba za kuishi palepale mjini Hot Springs. Na Walakota wa eneo la hifadhi la Pine Ridge, ambao ni majirani wa mlima huo na ambao wengi wao wameitumikia nchi hiyo jeshini, wanahitaji usafiri wa uhakika wa kuwafikisha na kuwarudisha. Fedha za kazi hizo ziombwe kwa bidii ileile iliyotumika miaka kadhaa kuandika sababu za kuondoka.