Si ‘mashine ya kupumua’

TANGU janga la korona la 2020, watangazaji wetu wamezoea kusema mgonjwa ‘amewekwa kwenye mashine ya kupumua’. Kauli hiyo ina dosari mbili.

Kwanza, sarufi. Tunasema kalamu ya kuandikia na kisu cha kukatia. Mashine haipumui, mgonjwa ndiye anayeitumia kupumua. Kwa hivyo, ni mashine ya kupumulia.

Pili, na hili ndilo zito, jina hilo moja linabebeshwa matibabu mawili. Kuna mrija unaopitishwa kooni, aghalabu mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Kuna pia barakoa inayobana pua na mdomo huku mashine ikisukuma hewa kwa shinikizo. Mgonjwa yu macho na husikia anapoitwa.

Niliwahi kumsikia muuguzi akiiambia familia moja, “Tunamweka mzee kwenye mashine.” Mkewe akaangua kilio: “Basi ameshatutoka!” Wanawe wakakataa katakata. Kumbe ni barakoa tu!

Napendekeza tutofautishe ‘barakoa ya kupumulia’ na ‘mrija wa kupumulia’. Kosa la gazetini husahihishwa kesho; la wodini huenda lisingoje kesho.