"Nusu-maisha" ya Dawa: Istilahi Inayopotosha

Diazepamu ni dawa ya kumeza ambayo, pamoja na kazi nyingine, hulegeza misuli iliyokakamaa. Mfasiri wa maelezo yake hujikwaa katika istilahi moja: "nusu-maisha". Kosa la istilahi hii si la sarufi, bali la maana. Msomaji akielezwa kuwa nusu-maisha yaweza kufikia saa 48, atajumlisha nusu mbili na kudhani kuwa baada ya saa 96 dawa imekwisha. Sivyo. Miligramu 10 zikipungua kuwa 5 kwa saa 48, saa 48 nyingine huzifikisha 2.5, wala si sifuri.

Tena, neno "kuisha" hufunika mambo matatu: maumivu kutulia, ini kuibadili dawa, na figo kuyatoa mabaki kwa mkojo. Diazepamu hufyonzwa upesi kutoka utumboni, lakini ini huigeuza kuwa kemikali nyingine ambayo nayo huleta usingizi. Basi dereva wa lori aliyemeza kidonge jana mjini Iringa, akijiona amepona, huenda leo akateremka Kitonga hali dawa ingali mwilini.

Kwa hiyo napendekeza "muda wa kupungua nusu". Jina hili ni refu, naam; lakini laeleza tendo lenyewe, na mwalimu aweza kulifafanua kwa chaki na ubao. Wafasiri na walipime, wakikumbuka kuwa msomaji wa mwisho ni mgonjwa.