Kipimo cha Mguu Mmoja

Kabla ya kugusa msumeno wala tupa, fundi mmoja mzee alimwambia mwenye pikipiki apande. Pikipiki ilisimama wima juu ya stendi katikati ya karakana yake mjini Birmingham. Vikanyagio vya zamani vilikwisha kufunguliwa, na mahali pake palibaki matundu matupu ya bolti. Mwenye pikipiki akakaa, akainama kuufikia usukani mfupi uliobanwa chini kwenye shokapu za mbele, akaambiwa afumbe macho na kuiacha miguu itafute mahali inapopenda. Miguu ikaning'inia, ikasogea nyuma, ikapanda kidogo, ikatulia. Mzee akapiga magoti, akashikiza kipande cha kadibodi ubavuni mwa fremu, akatia alama ya penseli usawa wa kisigino, nyingine usawa wa unyayo, na nyingine pale ncha ya buti ilipoishia.

Akarudia upande wa pili, na alama hazikulingana. Mguu wa kulia ulitaka kukaa juu kidogo kuliko wa kushoto, pengine kwa jeraha la zamani, pengine kwa maumbile tu. Mzee hakuuliza sababu, wala hakuzilazimisha pande mbili zifanane ili kazi yake ionekane nadhifu. Aliiandika tofauti ile pembeni mwa kadibodi, akaendelea. Nimeona watu wakiheshimiwa kwa vyeo vyao, kwa mali zao na kwa mvi zao. Sikuwahi kuona goti la mtu likiheshimiwa kwa kiasi kile.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Triton, na asili yake ni mabaki. Mwaka 1950 kampuni ya Norton ilianza kushindana kwa fremu mpya iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast. Mwendeshaji wake Harold Daniell aliifananisha na kulalia kitanda cha manyoya, na jina la Featherbed likaikaa. Mwaka huohuo Geoff Duke akashinda nayo mbio kuu za Isle of Man. Wajenzi wa magari madogo ya mbio wakaitamani injini ya Norton Manx, lakini kampuni haikutaka kuuza injini peke yake. Basi walinunua pikipiki nzima, wakang'oa injini, kiwiliwili wakakiacha. Vijana wa Uingereza wakakiokota kiwiliwili hicho na kukitia injini ya Triumph ya silinda mbili, maana waliona kwamba fremu bora ilikuwa ya mmoja na injini waliyoipenda ilikuwa ya mwingine. Hakuna kiwanda kilichoiunda Triton. Iliundwa na watu wenye tupa, jiliwa na saa chache za jioni.

Vijana hao walikutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara, maarufu zaidi ukiwa Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938 na kujengwa upya mwaka 1949 baada ya kupigwa mabomu vitani. Ndoto yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Kwa mwendo huo upepo humkunja mtu apende asipende. Wakaushusha usukani na kulaza vifua juu ya tangi, lakini vikanyagio vya kiwandani vilikuwa vimewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa wima, miguu mbele. Uzito wote wa kiwiliwili ukaangukia viganja vya mikono. Kwenye kona, pikipiki ilipolala, vikanyagio vikakwaruza lami. Ndiyo maana vikasogezwa nyuma na kuinuliwa, na pedali za gia na breki zikafuata.

Kusogeza ni neno jepesi mno kwa kazi hiyo. Mwendo wa kilomita 160 kwa saa ni mita 44 kila sekunde. Mguu ukilazimika kunyanyuka na kuitafuta breki kwa nusu sekunde, mita 22 zimekwisha kupita kabla chochote hakijashika. Kwa hiyo mzee aliipanga pedali ya breki ili unyayo uelee juu yake bila kuigusa, na kifundo kikiinama tu iwe imebanwa. Alikumbuka pia kwamba gurudumu la nyuma hupanda na kushuka. Fimbo ya breki isipopangwa kwa kulijua hilo, breki itajibana yenyewe kwenye shimo la kwanza barabarani.

Kadibodi ikawa plaiwudi, na plaiwudi ikajaribiwa kwa mguu uleule. Baada ya hapo ndipo ilipokuja sahani nene ya alumini ngumu. Aliikata kwa msumeno wa mkono, akaipiga tupa hadi kingo zikawa laini kwa kidole. Vikanyagio vyenyewe alivikereza kwenye mashine kongwe iliyonung'unika tangu ilipowashwa. Juu yake akachora mikato midogo inayokatizana ili soli iliyolowa mvua isiteleze. Kile cha upande wa kiki akakipa bawaba, kikunjike kupisha kiki inaposhuka. Ndani ya kila pedali akapachika bushi ya shaba nyeusi, akaichonga taratibu mno hadi mhimili ukapita kwa kusukumwa na kidole gumba, bila kukwama na bila kucheza. Bushi hiyo haitaonekana tena na mtu yeyote. Aliisugua kana kwamba ingewekwa mezani mbele ya wageni.

Kisha likaja suala la gia, na hapo ndipo nilipouona ustadi wenyewe. Pikipiki za Uingereza za enzi hiyo zina gia mguu wa kulia. Ukiigeuza pedali itazame nyuma moja kwa moja kwenye mhimili wake, mpangilio unapinduka: palipokuwa juu panakuwa chini. Wapo wanaojizoesha hivyo, na wapo wanaofungua gia boksi kubadili sahani ya ndani. Mzee alichagua fimbo nyembamba, yenye kiungo cha mviringo kila ncha, hesi za upande mmoja zikizunguka kulia na za upande wa pili kushoto. Ukiizungusha fimbo kwa vidole, inarefuka au kufupika bila kufunguliwa. Aliuthamini zaidi usawa wa pembe. Pedali ikiwa imetulia, fimbo na mkono wa gia lazima vikutane kwa nyuzi 90, ili kupandisha na kushusha kuwe na uzito mmoja mguuni. Pembe ikikosewa, gia huingia kirahisi upande mmoja na kwa shida upande wa pili, na mwenye pikipiki atailaumu injini miaka yote. Mkono wa gia wa kwanza aliouchonga haukumridhisha, ingawa sikuona kasoro yoyote. Akautupa kwenye ndoo ya vyuma vikuukuu na kuanza mwingine.

Leo vikanyagio vya aina hii huuzwa vikiwa ndani ya boksi, vimekatwa na mashine ya kompyuta na kupakwa rangi inayong'aa, na mara nyingi husemwa kwamba vinafaa kila aina ya pikipiki. Vina matundu mengi ili kila mtu ajitafutie lake. Simlaumu anayevinunua, wala mashine haina kosa, maana hukata kwa usahihi ambao mkono hauwezi kuufikia. Ninachokisikitikia ni kwamba katika safari nzima ya kitu hicho, kuanzia mchoro hadi mlangoni kwa mnunuzi, hakuna aliyeuliza mguu wa nani utakipanda. Ni kama kwenda kwa fundi cherehani mwenye nguo moja ya kuwatosha wote. Mtu hufunga bolti kwenye matundu yaliyo karibu na mahitaji yake, na goti hujifunza kuvumilia. Msomaji aliyezoea bodaboda anaijua hali hiyo. Pedali ya gia ikipinda baada ya kuanguka, dereva huishia kupinda mguu wake kila siku, na chuma hubaki kilivyo. Tumezoea kuirekebisha miili yetu ili vitu visisumbuke.

Viwanda vilivyozaa pikipiki hizi vimekwisha. Kile cha Triumph cha Meriden, karibu na Coventry, wafanyakazi walikishikilia mwaka 1973 kilipotakiwa kufungwa, wakakiendesha kwa ushirika, na mwaka 1983 kikafa. Pale sasa pana nyumba za kuishi, na mitaa imepewa majina ya pikipiki zilizoundwa hapo: Bonneville, Daytona. Jina kwenye kibao cha mtaa ni ukumbusho wa bei nafuu. Limegharimu kibao na rangi. Ukumbusho wa gharama ungekuwa kijana mmoja aliyesimama miaka kadhaa karibu na mkerezaji hodari, mpaka masikio yake yajue kwa mlio tu kwamba kisu kimeanza kuisha makali. Kijana wa namna hiyo sikumkuta katika karakana ile. Mzee hufanya kazi peke yake, na kadibodi za miguu ya wateja wake zimetundikwa ukutani, kila moja na tofauti zake zilizoandikwa kwa penseli.

Triton zitaendelea kutembea. Zinapendwa, zinauzwa kwa fedha nyingi, na vipuri vyake havitakosekana. Lakini upendo wa siku hizi umeishia kwenye vinavyopigwa picha: tangi lililosuguliwa, injini inayometameta, ekzosi zilizopinda kwa madaha. Vikanyagio viko chini, vimefichwa na buti, na kazi yake bora ni kusahaulika na anayevitumia. Ufundi usioonekana haupati mrithi kwa urahisi, kwa sababu hauna wa kuusifu isipokuwa kifundo cha mguu. Kila mzee wa aina hii anapofunga karakana bila mwanafunzi, anaondoka mtu aliyeamini kwamba goti la mgeni linastahili mchana mzima wa kazi, na hatujaweka yeyote wa kuamini hivyo mahali pake.