Mbuzi na Miaka: Kipimo cha Adhabu Kwetu Ituri

Katika vitabu vya mila, na vyetu pia, mara nyingi tunasoma ya kwamba wazee walijua kupima adhabu, kisha sheria ya Wazungu ikaja kuharibu kipimo. Tunapenda kusikia hivyo. Lakini tukiangalia mambo yenye kutupata hapa Ituri, inafaa tuseme wazi: nusu ni kweli, nusu ni kujisifu bure.

Tuanze na serikali. Kanuni ya adhabu ya 1940 inamufunga mwizi wa kawaida mpaka miaka 5. Tangu 1968, mwizi mwenye silaha anakatiwa hukumu ya kifo, hata kama hakuua mutu. Na sheria ya 2006 inatoa miaka 5 mpaka 20 kwa kosa la kubaka. Kwa hiyo telefone iliyonyanganywa kwa bunduki inaweza kupita binti kwa uzito! Hii si maneno ya karatasi tu. Tangu 2003 watu hawakunyongwa tena, lakini mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa kizuizi hicho.

Halafu La Haye. Thomas Lubanga alihukumiwa 2012, miaka 14, kwa kuingiza kadogo katika jeshi lake. Bosco Ntaganda, aliyekuwa chini yake katika jeshi lile lile, alipata miaka 30 mwaka 2019. Mukubwa 14, mudogo 30: watu wengi Bunia waliona hapo ni mchezo. Sisi hatuoni hivyo kabisa. Korti hupima yale yaliyoandikwa katika mashtaka na kuhakikishwa. Lubanga alishtakiwa kwa habari ya watoto tu. Ntaganda alipatikana na makosa 18, ndani yake mauaji na ubakaji. Hata majuji wa Lubanga walimulaumu mwendesha mashtaka kwa kuacha ubakaji nje. Kosa, basi, lilikuwa katika kuchagua mashtaka, na mama aliyeteswa hawezi kufarijiwa na maelezo hayo.

Na wazee? Kwao swali la kwanza halikuwa «atafungwa miaka ngapi». Lilikuwa: nani ameumia, na atarudishiwa nini? Mwenye kosa atabaki jirani, watoto wenu watachota maji kisima kimoja, kwa hiyo mbuzi au ng'ombe alilipwa mbele ya watu, si kwa siri. Kuna akili kubwa ndani yake. Buloko inalisha serikali hasira, lakini haimupatii mjane hata kuku mumoja.

Ajabu ni kwamba La Haye yenyewe ilirudi huko. Katika mambo ya Bogoro, kijiji kilichoshambuliwa tarehe 24/2/2003, Germain Katanga alipata miaka 12. Mwaka 2017 majuji waliamuru wahanga 297 wapewe kila mumoja dola 250 kama alama tu, pamoja na misaada ya nyumba, masomo na matibabu ya moyo. Dola 250 ni mbuzi wachache! Tofauti ni kwamba kwa wazee mwenye kosa mwenyewe ndiye alitafuta mbuzi, na jamaa yake ikatoka jasho. Katanga hakuwa na kitu. Mfuko wa korti ulitafuta pesa kwa wengine.

Lakini hapa tunawapinga ndugu wanaotaka kila kitu kirudi barazani. Kipimo cha wazee kilifanya kazi kati ya watu wanaojuana. Kamanda aliyetoka mbali na bunduki zake, ukimutoza mbuzi, atacheka, na kesho atakuja kuchukua huyo mbuzi. Na tena, tangu zamani kulikuwa na tundu ndani ya kipimo hiki: binti akibakwa, mbuzi anaingia kwa baba. Kilichopimwa ni hasara ya nyumba, si ya yule binti. «Mapatano» ya namna hii yangali yanafanywa vijijini, na sheria ya 2006 inasahauliwa kwa makusudi.

Sisi tungependa mutuhumiwa wa kubaka aende kwa parke, bila mazungumuzo ya pembeni. Kisha baraza likae juu ya malipo tu, binti akiwa pale, akisema mwenyewe. Kwanza sheria ya 2022 juu ya wahanga wa ubakaji wa vita inatambua haki ya kulipwa. Na kile kitakacholipwa kiwekwe mkononi mwake, si mwa baba.