Ubao wa Ngwe

Mstari mmoja una vitu vitatu tu: lakabu ya mtu, jina la kipande cha kazi alichokimaliza, na ukubwa wa kipande hicho. Unaingia juu ya orodha, unakaa kidogo, mwingine unakuja na kuusukuma chini. Huo ni ubao wa Archive Team, kikundi cha watu wa kujitolea kilichoanza mwaka 2009, Jason Scott akiwa mbele, kwa kazi ya kuokoa tovuti zinazokaribia kufungwa. Nimewahi kukaa mbele ya ubao huo mpaka chai ikapoa, nikitazama mistari ikishuka.

Kuuelewa ufundi wake, mtu aanze na kazi yenyewe. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilipopangiwa kufungwa tarehe 2 Aprili 2019, kila kilichoandikwa humo hadharani, na watu wa mataifa mengi kwa miaka mingi, kilikuwa kimeshawekewa siku ya kufa. Kompyuta moja haiwezi kuchota mzigo kama ule. Hata ingekuwa na nguvu za kutosha, seva ikiona anwani moja inaomba kurasa mfululizo bila kupumua, huifungia mlango. Lazima mikono iwe mingi, na iwe mbalimbali.

Waliokulia mashambani wanaijua ngwe. Shamba linapimwa kwa kamba, kila mtu anaonyeshwa kipande chake, akikimaliza anarudi kwa msimamizi kuchukua kingine. Archive Team hufanya vivyo hivyo. Ina programu iitwayo Warrior, ambayo mtu huiwasha kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Programu hiyo inaomba ngwe kwa msimamizi, ambaye naye ni programu. Inapakua kurasa ilizopangiwa, inazifunga katika faili la WARC, lenye kuhifadhi ukurasa pamoja na majibu ya seva kama yalivyokuja, inalipeleka panapokusanywa mavuno, kisha inatoa taarifa kwamba imemaliza. Taarifa hiyo ndiyo inayogeuka kuwa mstari kwenye ubao.

Kwa hiyo kila mstari unaouona ni ngwe iliyokwisha kulimwa. Si makadirio, wala si pambo la kuonyesha kwamba mtandao uko hai. Nimeona michoro mingi ya mitandao: dunia inayozunguka gizani, nukta zinazometameta, nyuzi zinazotambaa kutoka bara hadi bara. Inapendeza macho, lakini ukiulizwa baada ya dakika kumi umejifunza nini, huna jibu. Ubao huu hauna urembo wa namna hiyo. Ni kama aliyeubuni alijiuliza mtu aliyeiacha kompyuta yake ikifanya kazi usiku kucha angetaka kujua nini asubuhi, akampa hilo: jina lake limo, alicholeta kimepokelewa, na kazi iliyobaki ni kiasi gani.

Pembeni ya mistari ipo orodha ya wachangiaji. Juu kabisa wako wenye seva nyingi, wanaohesabu mavuno yao kwa terabaiti. Ukishuka, namba zinapungua, mpaka unamfikia aliyeleta megabaiti chache tu, pengine kwa intaneti ya kununua kwa kifurushi. Naye ameandikwa kwa herufi za ukubwa uleule. Napenda sana uamuzi huo. Ingekuwa rahisi kuwachora wakubwa kama miduara mikubwa na wadogo kama vumbi, na macho yetu yangewasahau wadogo palepale.

Lakini mahali ninaporudi kila mara ni kwenye namba tatu: ngwe zilizokwisha, ngwe zilizo mikononi mwa watu, na ngwe zinazosubiri. Ya kwanza inapanda, ya tatu inashuka, na mtu yeyote angekumbuka kuziweka hizo mbili. Ya katikati ndiyo inayoonyesha fundi anaijua kazi. Ngwe iliyochukuliwa haijalimwa bado. Mchukuaji anaweza kuwa anaendelea vizuri, anaweza kuwa amekatikiwa umeme, au amefunga kompyuta akaenda zake kulala. Msimamizi hawezi kujua, kwa kuwa wafanyakazi wake hawaoni wala hawaamuru. Anachoweza ni kuiweka wazi hesabu ya ngwe zilizo mikononi, na zikikaa mno bila kurudi, zinachukuliwa na kugawiwa upya. Namba ya katikati ikivimba huku mistari ikipungua, wenye uzoefu wanatambua mara moja kwamba kuna tatizo: huenda tovuti imeanza kuwafungia watu, au pa kupokelea mavuno pamejaa. Hakuna king'ora kinacholia. Namba moja inatosha kwa anayejua kuisoma.

Na mavuno yenyewe je? Ubao unaonyesha mikono, hauonyeshi kilichovunwa. Kazi ya kuyaonyesha mavuno ilimpata fundi mwingine. GeoCities, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilikuwa imewapangia watu kurasa zao kwa mitaa, kila mtaa na jina lake, Hollywood, Athens, Area51, Heartland, na kila mkazi na namba ya nyumba. Yahoo, iliyokuwa ikiimiliki, iliifunga Oktoba 2009. Archive Team walikuwa wamewahi kuokoa sehemu kubwa, na mwaka uliofuata wakaitoa kwa umma, zaidi ya gigabaiti 600. Mwaka 2011 msanifu Mholanzi Richard Vijgen alilichukua rundo hilo akalichora kama ramani ya jiji, akaliita The Deleted City. Mitaa na viwanja vinapata nafasi kulingana na wingi wa mafaili yaliyomo. Unaisogeza ramani kwa vidole kwenye kioo, unaukaribia mtaa, picha zinaanza kuonekana, na ukipita karibu na ukurasa uliokuwa na muziki, muziki ule unalia.

Vijgen hakubuni jiji. Wakazi wake walikuwa wameshalijenga, na wachotaji wakabeba vipande vyake kimoja baada ya kingine. Yeye alikuwa na subira ya kuviweka pale vilipokaa zamani. Kwangu, kazi yake na ubao wa ngwe ni za ukoo mmoja: zote mbili zinakuonyesha kilichopo, kwa kiasi kilichopo, bila kukikuza.

Warrior haidai mengi: kompyuta ya kawaida, intaneti isiyokatika ovyo, na lakabu utakayochagua mwenyewe. Iwashe, kisha fungua ubao, ukae hapo mpaka mstari wako wa kwanza uingie.