Mashungi Mawili ya Nywele

Gunnar wa Hlíðarendi amezingirwa nyumbani kwake usiku. Ana upinde, na kwa upinde huo amewazuia maadui wasiukaribie mlango, mpaka mmoja wao anaruka na kuukata uzi wake. Gunnar anamgeukia mkewe, Hallgerd, mwanamke aliyesifika kwa nywele ndefu, akamwomba mashungi mawili ili mke huyo na mama mkwe wake wayasokote yawe uzi mpya. Mke anamuuliza kama kuna jambo kubwa hapo. Mume anamwambia kwamba uhai wake ndio uko hapo. Basi mke anamkumbusha kofi alilowahi kumpiga, na anamnyima. Gunnar habembelezi. Haombi mara ya pili. Wanamuua.

Kisa hiki cha Saga ya Njal nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kibarazani hapa Kakamega, mvua yetu ya alasiri ikiyapiga mabati kiasi cha kuzima sauti ya redio. Nilikifunga kitabu, kisha nikakifungua tena na kurudi nyuma kulitafuta lile kofi. Kunyimwa nywele kuko katika sura ya 77. Kofi liko katika sura ya 48. Kulikuwa na njaa nchini, Hallgerd akamtuma mtumwa kuiba jibini na siagi katika boma la jirani, Gunnar akaona aibu na kumpiga mbele ya wageni. Mke akasema atalikumbuka kofi hilo na kulilipa akipata nafasi. Basi. Mwandishi anaendelea na mashamba, farasi, mashtaka na mauaji kwa sura karibu thelathini bila kutukumbusha kwamba kuna mtu ameweka deni moyoni.

Huo ndio ufundi ninaoustahi kuliko wowote katika hadithi za kale za Iceland. Saga ya Njal iliandikwa mnamo 1280, juu ya ngozi ya ndama, na mtu ambaye hakuacha jina lake. Mimi nina tafsiri ya Kiingereza ya Magnus Magnusson na Hermann Pálsson ya 1960. Hata katika lugha ya tatu, ukimya wake unasikika. Hatuambiwi Hallgerd alihisi nini, wala Gunnar. Tunaambiwa walichosema na walichofanya, kama mzee anayetoa ushahidi barazani mwa chifu akijua kwamba wasikilizaji wana akili zao. Msomaji mwenye pupa atasema hadithi ni kavu. Asome polepole, na asome mara mbili, ndipo atakapoona kwamba kila jambo dogo limewekwa mahali pake lingoje zamu yake.

Ushairi wao ni kazi nyingine kabisa, na hapa mtu aliyelelewa na Kiswahili ana bahati. Watunzi wa Norway na Iceland walikuwa na bahari moja ngumu waliyoitumia kuwasifu wafalme. Ubeti una mishororo minane, na kila mshororo una mizani sita. Ndiyo, mizani, walihesabu kama tunavyohesabu sisi. Juu ya hayo, sauti za mwanzo wa maneno lazima zifanane ili kuifunga mishororo miwili miwili. Na ndani ya kila mshororo kuna vina: katika mshororo wa kwanza konsonanti zinalingana huku irabu zikitofautiana, tuseme kama "kamba" na "tumbo", katika wa pili zinalingana zote, kama "kamba" na "pamba". Jaribu kutunga ubeti mmoja hivyo. Mimi nilijaribu kwa juma zima.

Kisha wanavuruga mpangilio wa maneno. Sentensi mbili zinasukwa pamoja, neno la hii na neno la ile. Walimu wengi huwaonya wanafunzi kwamba hapo ndipo pagumu kuliko kote, lakini mimi nilipoelezwa nilitabasamu. Mtu akiniambia "vikombe ulianguka mti vilivunjika", sipotei: vikombe vilivunjika, mti ulianguka. Ngeli zinanishika mkono. Lugha yao nayo ilikuwa na viambishi vya mwisho vilivyofanya kazi hiyo hiyo, na kila neno lilimpata mwenzake hata likitupwa mbali.

Halafu kuna mafumbo. Meli haiitwi meli, huitwa farasi wa bahari. Dhahabu ni nywele za Sif, na ili uelewe lazima ujue kwamba mungu mjanja Loki alimnyoa mungu huyo wa kike na wahunzi wakamtengenezea nywele za dhahabu. Ushairi wenyewe ni damu ya Kvasir, mwenye hekima aliyeuawa na mbilikimo, damu yake ikachanganywa na asali ikawa kinywaji cha watunzi. Mnamo 1220 Snorri Sturluson wa Iceland aliona vijana wa nchi yake wanaanza kuyasahau mafumbo hayo, akawaandikia kitabu cha kuyafumbua. Anayekumbuka jioni za "Kitendawili!" "Tega!" kwa bibi yake hahitaji kuambiwa utamu wake uko wapi.

Shairi ninalolipenda zaidi haliwasifu wafalme, na bahari yake ni nyepesi zaidi. Egill Skallagrímsson, muuaji na mtunzi, alifiwa na mwanawe Bödvar aliyezama majini. Baada ya kumzika alijifungia chumbani afe kwa njaa. Binti yake Thorgerd akabisha, akasema anataka kufa pamoja na babake. Akalala karibu naye, akaanza kutafuna mwani. Egill akauliza ni nini. Binti akamwambia kitu hicho humharakisha mtu kwenda kaburini, naye akatafuna. Mwani una chumvi, wakashikwa na kiu. Wakaletewa pembe ya kunywea, na ndani hamkuwa na maji bali maziwa. Hapo binti akamwambia: sasa baba, tuishi kidogo, umtungie mwanao shairi, nami nitalichonga kwenye mti. Egill akatunga. Alipolimaliza aliinuka kitandani akaketi kwenye kiti chake.

Sisi tunaoishi mahali ambapo ngoma ya isukuti hulia kwa mzee aliyefariki na madume ya ng'ombe kupitishwa uani kwake, tunajua kwamba maombolezo ni kazi yenye kanuni na ustadi. Thorgerd alilijua hilo. Nimewasomea watu kisa hicho baada ya mazishi na hakuna aliyehitaji maelezo.

Kaunti ya Kakamega ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2019. Iceland nzima haifiki elfu mia nne. Lakini mwaka 1971, meli ya kivita ya Denmark ilipowarudishia watu wake vitabu viwili vya kwanza kati ya vitabu vyao vya kale vya ngozi vilivyokuwa Copenhagen, maelfu walijaa bandarini Reykjavik kuvipokea.

Nasi tuna shujaa wetu wa kale, Fumo Liyongo. Anatajwa shuleni kama mfano wa mighani, mistari mitatu ya muhtasari, kisha mtihani. Lakini Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913, na ndani yake mna tupa iliyofichwa ndani ya mkate, wimbo uliotumwa kwa mama kupitia kijakazi Saada, na mwisho wake shujaa aliyekufa kisimani akiwa amepiga goti na upinde umevutwa, watu wakiogopa kuteka maji. Gunnar alikufa kwa kukosa uzi wa upinde. Liyongo aliwatisha watu kwa upinde hata baada ya kufa. Utafute utenzi wote, si muhtasari, uusome kwa sauti. Ni beti mia mbili na ushee, na ukianza mvua inapoanza, utamaliza kabla haijakatika.