Umbali wa Wembe

Mashabiki wa Sweeney Todd wakikutana hawaulizani kama ni tamthilia nzuri. Hilo walishalimaliza zamani. Wanaulizana damu ilimwagwaje, na hapo ndipo usiku unapokuwa mfupi. Mmoja ataapa kwa onyesho la kwanza la New York, la mwaka 1979. Mwingine atamkatiza kwa lile la 2005, ambalo waigizaji walijipigia ala wenyewe. Wa tatu atawavuta hadi Tokyo au Barcelona. Wote wanazungumzia tamthilia ile ile moja ya muziki ya Stephen Sondheim, na mimi ni mmoja wao. Ubishi huu naupenda kwa sababu una heshima ndani yake kwa ufundi usiosifiwa vya kutosha, ufundi wa kuamua mtazamaji akae mbali kiasi gani na wembe.

Kisa chenyewe kinajulikana. Kinyozi wa London anasingiziwa kosa na hakimu aliyemtamani mkewe, anapelekwa kifungoni Australia, na baada ya miaka 15 anarudi na jina jipya, Sweeney Todd. Anapanga chumba juu ya duka la pai la Bi. Lovett, anaanza kuwachinja wateja wake, na mama huyo, aliyelemewa na bei ya nyama, anajua la kufanya na maiti. Waingereza walikisoma kisa hiki katika vijarida vya bei ya chini tangu miaka ya 1840. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Christopher Bond alikiandika upya kwa jukwaa, akampa muuaji huyo kitu ambacho hakuwa nacho, yaani sababu ya kuua. Sondheim akautazama mchezo huo London, na haukumtoka.

Alichokitaka yeye ni kitu kidogo, cha kumtisha mtu aliyekaa karibu. Harold Prince, mwongozaji wake, hakuvutiwa na hadithi ya kutisha peke yake. Alipata mlango wa kuingilia alipoifikiria kama hadithi ya viwanda, ya watu waliosagwa na mashine hadi wakageuka kuwa mashine. Basi msanifu wa jukwaa, Eugene Lee, akanunua vyuma vya kiwanda cha kuyeyushia chuma kilichofungwa Rhode Island, akavisimamisha ndani ya Uris, ukumbi wa Broadway wenye viti karibu 1,900. Kipenga cha kiwanda kikapasua masikio tangu mwanzo. Len Cariou akawa kinyozi, Angela Lansbury akawa Bi. Lovett, na kiti cha kunyolea kikatengenezwa hivi kwamba shingo ikishakatwa kinajilaza, sakafu inafunguka, maiti inateleza kwenda chini kwenye chumba cha tanuri. Onyesho lile lilitwaa Tuzo 8 za Tony. Lakini lilipopelekwa London mwaka 1980, katika jumba kubwa la Drury Lane, lilifungwa baada ya maonyesho 157. Kisa cha London kilishindwa London! Mashabiki bado wanagombana kuhusu sababu. Mimi naamini kwamba ukubwa ulimpa mtazamaji nafasi ya kujificha.

Kwani kiini cha kazi hii hakimo katika vyuma. Kimo katika sehemu moja ya kitendo cha pili, na ningemwomba kila anayetaka kuelewa uongozaji wa jukwaa aitazame. Todd anamwimbia Johanna, binti yake ambaye amekata tamaa ya kumwona tena. Muziki ni laini, karibu wa kubembeleza mtoto. Anapoimba, wateja wanaingia mmoja mmoja, wanakaa, wanaegemeza kichwa nyuma. Yeyote aliyewahi kunyolewa ndevu kwa wembe anajua hali ile, koo likiwa wazi na macho yakitazama dari, na mkono wa mtu usiyemjua umekushika kidevu. Todd anawakata bila hasira, bila hata kuwatazama sawasawa, mawazo yake yako kwa mwanawe. Kijana Anthony anapita barabarani akimtafuta Johanna huyo huyo, na mwanamke ombaomba anapiga kelele kuhusu moshi wa tanuri. Kisha anaingia mteja aliyekuja na mke na mtoto wake mdogo. Huyu ananyolewa vizuri, analipa, anaondoka salama. Hakuna neno linaloeleza kwa nini. Mwongozaji akiuharakisha unyoaji ule, ukumbi unaona mzaha tu. Akiupa muda wake, watu wanaelewa kwamba Todd ameiona familia yake mwenyewe ikisimama mlangoni, na kwamba bado anajua anachokifanya.

Mwongozaji John Doyle aliuelewa muda huo kuliko wengi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kumbi za mikoani Uingereza, ambako fedha za kuwalipa waigizaji na okestra kwa pamoja hazipatikani, akajifunza kuwatumia waigizaji wanaojua kupiga ala. Mwaka 2004, katika ukumbi mdogo wa Watermill karibu na Newbury, jengo lililokuwa kinu cha maji, aliweka jukwaani Sweeney Todd isiyo na kiti cha mtego wala okestra ya pembeni. Mwaka uliofuata alifika nayo Broadway akiwa na waigizaji 10. Patti LuPone, aliyekuwa Bi. Lovett, alibeba tuba. Johanna na Anthony walipendana kila mmoja na selo yake. Na damu je? Kila mtu alipouawa, taa ziligeuka nyekundu, king'ora kikalia, na mwigizaji mmoja akamimina damu polepole kutoka ndoo moja kwenda nyingine. Aliyekufa akavaa koti jeupe lenye doa jekundu, akarudi kwenye ala yake kuendelea kupiga. Hapo naweka chini silaha zangu zote za ubishi. Sauti ile ya kumimina inafanya kazi ambayo shingo bandia haijawahi kuifanya.

Halafu wakaja wasanii wa Tooting, kusini mwa London, mwaka 2014. Walikiweka kisa ndani ya duka halisi la pai, Harrington's, lililoanza mwaka 1908, watazamaji wachache wakiwa kwenye meza za duka na kinyozi akipita kwa kusugua mabega yao. Ndicho kitu kidogo alichokiota Sondheim. Onyesho hilo lilipohamia New York mwaka 2017 walijenga duka lile upya ndani ya ukumbi wa Barrow Street, na pai zikapikwa na Bill Yosses, aliyewahi kuwa mpishi wa vitamutamu wa Ikulu ya Marekani.

Kwa Barcelona, ya mwaka 1995 kwa Kikatalani, nina sababu moja ya kuitetea. Mwongozaji Mario Gas alimpa wembe Constantino Romero, mtu ambaye Wahispania walikuwa wakimsikia kwa miaka katika filamu akimsemea Clint Eastwood na Darth Vader. Hofu iliingia ukumbini kabla hajagusa wembe. Tokyo, mwaka 2007, mwongozaji Amon Miyamoto alimchukua Ichimura Masachika, ambaye Wajapani walishamjua kama Phantom wa The Phantom of the Opera tangu 1988, na umaarufu huo nao ukafanya sehemu ya kazi.

Mwaka 2023 Broadway ilirudi kwenye ukubwa, ikiwa na wapigaji 26 na Josh Groban. Wengi wa wenzangu walilalamika kwamba sauti yake ni tamu mno kwa muuaji. Siwaelewi. Sondheim aliandika utamu ule ndani ya wimbo wa Johanna kwa makusudi, na Todd anayefoka muda wote ni rahisi kumkimbia. Anayeimba kama Groban ndiye ambaye wateja wangekaa kwenye kiti chake bila wasiwasi, wakaegemeza kichwa nyuma wenyewe.